Nusukaputi kwa Mgonjwa wa Prader-Willi Anayepasuliwa ili Kupunguza Uzito

Mwaka 1956 madaktari Prader, Labhart na Willi wa Uswisi walieleza ugonjwa wa nadra utokanao na kutofanya kazi kwa jeni za kromosomu ya 15 ambazo mtoto hupaswa kuzirithi kwa baba. Mtoto huzaliwa mlegevu na hanyonyi vizuri. Miaka michache baadaye huja njaa isiyokoma, kwa kuwa sehemu ya ubongo inayotambua shibe ina hitilafu. Hupata mtoto 1 kati ya takriban 15,000 hadi 20,000. Muuguzi wa Muleba aweza kustaafu akiamini hajamwona hata mmoja, ilhali aliwahi kumpima uzito mmoja wao na kumdhania mlafi.

Upasuaji hauiondoi njaa hiyo, na ndiyo sababu madaktari wengi husita kuupendekeza. Unapoamuliwa, mgonjwa wa Kagera husafiri mbali, mathalani hadi Muhimbili-Mloganzila, Dar es Salaam. Hata hivyo, usalama wa nusukaputi hutegemea sana watu wa nyumbani kwake.

Kabla ya usingizi wa dawa, mgonjwa hukaa saa 6 bila chakula chepesi na saa 2 bila maji. Kwa mgonjwa huyu, jibu la “sijala” halitoshi. Hutafuta chakula kwa siri: ndizi zilizobaki jikoni, karanga za abiria wa jirani, senene alizofungashiwa mwenyeji wa mjini. Huo ni ugonjwa, si utovu wa adabu, na kumkaripia hakusaidii. Mlezi mmoja akae naye usiku kucha, na ndiye aulizwe. Isitoshe, wagonjwa hawa hutapika kwa nadra, hivyo tumbo laweza kujaa bila dalili. Mtaalamu mwangalifu hulichunguza kwa altrasaundi; akiwa na shaka, huliona kuwa limejaa, na huingiza mrija wa hewa upesi, mgonjwa akiwa ameinuliwa kichwa na kifua.

Barua ya rufaa kutoka Bukoba ieleze kama mgonjwa hukoroma, hukatika pumzi usingizini au husinzia mchana. Misuli yake ni dhaifu, na dawa za jamii ya mofini humzidishia hatari ya kuacha kupumua. Hupewa kidogo, na oksijeni yake hufuatiliwa usiku mzima. Homoni ya kotisoli nayo yaweza isitoshe wakati wa mshtuko wa upasuaji, hivyo haidrokotisoni iwe tayari.

Hatari iliyojificha zaidi humfuata hadi kijijini. Mgonjwa huyu husikia maumivu kidogo, na joto la mwili wake haliaminiki. Mshono wa tumbo ukivuja, aweza kufika zahanati akitembea, bila homa, bila kulia, hata akiomba chakula. Mapigo ya moyo yakienda mbio, tumbo likijaa, au akikataa kula, jambo lisilo la kawaida kabisa kwake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na daktari aliyempasua apigiwe simu kabla gari halijaondoka.