Ukipanda Meli ya Utalii, Chunga Mlango Wako

Majira ya baridi yakiingia, baadhi ya meli kubwa za utalii huhamia Dubai, Abu Dhabi na Doha. Kiangazi cha Ulaya kikifika, utazikuta Barcelona na bandari nyingine za Mediterania. Baadhi hubeba abiria zaidi ya 5,000, na wengi wao hamjuani. Mlango wa kabini hauvunjwi kirahisi, lakini mwizi hana haja ya kuuvunja ikiwa mwenyewe umeuacha wazi au umetaja namba ya chumba chako mbele za watu. Kabla hujafunga mizigo, yashike haya.

1. Usiondoke mpaka kitasa kilie. Mlango wa kabini ni mzito na hujirudisha wenyewe, ndiyo maana watu huuachia na kwenda zao. Kumbe ukiwa umeacha roshani wazi, upepo wa bahari unapita chumbani na kuusukuma mlango wa mbele: ama hautajibana sawasawa, ama utajipiga kwa kishindo cha kuumiza vidole vya mtoto. Funga roshani kwanza, toka, vuta mlango, kisha usukume kidogo kuhakikisha. Na tafadhali, usiweke kandambili mlangoni ili watoto waingie na kutoka wapendavyo. Waombee kadi zao.

2. Kadi ya mlango ni mali. Ndiyo ufunguo, ndiyo kitambulisho cha kurudi melini mkitoka kutembea bandarini, na ndiyo unayonunulia soda na zawadi, bili ikaja mwishoni. Meli nyingi haziandiki namba ya chumba kwenye kadi, kwa makusudi, ili atakayeiokota asijue mlango gani inafungua. Basi nawe usiiandike kwa kalamu. Mhudumu wa mgahawa akikuuliza unakaa chumba gani, mwonyeshe kadi badala ya kumtajia namba kwa sauti. Ikipotea, nenda mapokezi saa hiyo hiyo. Wataifuta na kukupa nyingine.

3. Hodi si ruhusa ya kuingia. Chungulia kwanza kwenye tundu la mlango. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2010 inayozitaka meli za aina hii zinazopakia au kushusha abiria nchini humo ziwe na tundu la kuchungulia, au njia nyingine ya kumwona aliye nje, katika milango ya vyumba. Kama hukuagiza kitu na humjui anayebisha, piga simu mapokezi ukiwa ndani, waulize kama wamemtuma mtu. Mfanyakazi halali hatakasirika kusubiri. Usiku, tia komeo la ndani.

4. Kasiki itumie, lakini ijaribu ikiwa tupu. Weka namba ya siri, funga, fungua, ndipo uweke vitu. Usichague mwaka wako wa kuzaliwa. Pasipoti yenye viza ndiyo kitu cha kwanza kuingia humo, kabla hata ya dhahabu: ikipotea ukiwa ugenini, huenda ubalozi wako uko nchi nyingine kabisa. Piga picha kurasa muhimu, nakala nyingine mwachie ndugu nyumbani. Katika baadhi ya safari meli yenyewe hukusanya pasipoti. Ikiwa hivyo, uliza utarudishiwa lini.

5. Mheshimu anayesafisha chumba chako. Huyu ana ruhusa ya kuingia, kwa hiyo kitu kikikosekana, macho ya wengi humwendea yeye. Subiri kwanza. Tafuta chini ya kitanda, kwenye mifuko ya koti, ndani ya begi lililo tupu. Tuhuma ya wizi inaweza kumpokonya kazi mtu anayelisha familia iliyo mbali sana, na Wakenya wenzetu wamo katika kazi hizi. Ukishatafuta ukakosa, waombe walinzi waangalie kumbukumbu za mlango: vitasa vya kadi kwa kawaida huhifadhi kadi iliyofungua na saa iliyofungua. Hapo ukweli utapatikana bila kumdhalilisha mtu.

6. Udi na chetezo viache nyumbani. Najua harufu ya chumba ni jambo kubwa kwetu, lakini moto ukizuka melini huna pa kukimbilia. Pasi na mishumaa navyo haviruhusiwi, na ukikutwa navyo wakati wa ukaguzi, vitachukuliwa.

7. Roshani ifungeni kwa ndani, hasa meli ikiwa gatini. Mwenye watoto asogeze viti na meza mbali na reli.

8. Usiku wa mwisho ndio wa kuangalia zaidi. Meli nyingi huwataka abiria watoe mabegi makubwa nje ya mlango jioni, yachukuliwe, mkutane nayo nchi kavu asubuhi. Kwa haraka za kufunga, mtu huitia pasipoti ndani ya begi, au dawa ya presha, au hata nguo zote, akabaki na za kulalia. Weka kando mfuko mdogo wa mkononi: pasipoti, fedha, simu na chaja, dawa, nguo za kesho. Na ili usisahau kasiki, ingiza ndani yake kiatu kimoja cha kuvaa asubuhi. Hutatoka bila kukifuata.

9. Ukiibiwa, ripoti kabla hujashuka. Nenda kwa walinzi wa meli, waandike maelezo, na udai nakala yenye tarehe na jina la aliyeipokea. Bima ya safari kwa kawaida hailipi bila karatasi hiyo. Usiseme utapiga simu ukifika nyumbani: siku hiyo hiyo meli hupakia abiria wengine, na kufikia jioni chumba chako kimeshasafishwa na kina mwenyewe mwingine.