Chombo Kimetua Wapi Hasa?

Tarehe 20 Aprili 1967, chombo cha Marekani kiitwacho Surveyor 3 kilitua mwezini, kwenye tambarare ya Bahari ya Dhoruba. Injini zake zilichelewa kuzimika, kikadunda kabla ya kutulia. Mawimbi ya redio yaliwaonyesha wataalamu eneo kilipo, si nukta yenyewe.

Mkononi walikuwa na picha za aina mbili: zilizotumwa na kamera ya chombo chenyewe, na zile ambazo chombo kingine, Lunar Orbiter 3, kilikuwa kimezipiga kutoka juu mwezi Februari. Za juu zilipigwa Surveyor 3 haijafika, kwa hiyo hata ungezikodolea macho vipi, usingekiona. Ilibidi alama zilizoonekana na kamera ya chombo zitafutwe kwenye picha za juu.

Tuanze chini kabisa. Picha moja iliyopigwa ardhini haikuambii umbali, kwani jiwe dogo la karibu na kubwa la mbali huweza kulingana. Inachokupa kwa uhakika ni pembe. Chukua karatasi, weka nukta A na B, kisha tafuta kila mahali ambapo mtu akisimama, A ikiwa kushoto kwake na B kulia, ataona nyuzi 40 kati ya A na B. Utapata mahali pengi, pote kwenye tao moja la duara. Ongeza alama ya tatu, C. Pembe ya B na C inaleta tao la pili. Matao hayo hukutana kwenye B yenyewe, ambako hukusimama, na mahali pengine pamoja tu. Hapo ndipo ulipo. (Balaa ni pale A, B, C na wewe mkiwa kwenye duara moja: matao hulaliana, jibu likakosekana.)

Alama za karibu ni bora. Ukikosea nyuzi 1, kwa alama iliyo kilomita 10 umepotea mita 175 hivi. Kwa iliyo mita 100, hazifiki 2.

Lakini hesabu ndiyo sehemu rahisi. Kazi ni kutambua kwamba jiwe hili ndilo lile doa linaloonekana kutoka juu, na macho yaliyofanya kazi hiyo ni ya Ewen Whitaker wa Chuo Kikuu cha Arizona. Alikikuta chombo ndani ya kreta yenye upana wa mita 200 hivi.

Kujua mahali hapo kulikuja kuwafaa wanaanga. Apollo 11 ilipotua mwezini, ilipitiliza shabaha yake kwa kilomita 6 hivi. Lakini Novemba 1969, Apollo 12 ilitua chini ya mita 200 kutoka Surveyor 3. Wanaanga wake, Conrad na Bean, walikifikia chombo hicho kwa miguu, wakaing'oa kamera yake na kurudi nayo duniani.