Kuinua Pikapu na Kuchagua Tairi Kubwa: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kulipa

Mikoa ya Dodoma na Singida ina msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Desemba na kumalizika Aprili. Katika miezi hiyo udongo mweusi wa mbuga za Bahi hulainika na kunasa magurudumu. Kiangazi kikifika, makorongo ya Kongwa na Mpwapwa hubaki na mchanga mtupu. Ndiyo maana mkulima wa zabibu au alizeti na mfanyabiashara wa mifugo huvutiwa na pikapu iliyoinuliwa na kufungwa tairi kubwa. Kazi hiyo hugharimu fedha nyingi, na ikifanywa vibaya huhatarisha maisha. Somo hili linamwelekeza mtumiaji kupima haja yake kabla ya kufungua mkoba.

Kusoma maandishi ya tairi

Pikapu nyingi, zikiwamo baadhi ya Toyota Hilux, hutoka kiwandani na tairi za 265/65R17. Namba 265 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu wake kikiwa asilimia ya upana huo. Na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tairi hiyo ina kipenyo cha milimita 776 hivi. Ile ya 265/70R17 ina milimita 803, yaani ongezeko la asilimia 3; na ya 285/70R17 ina milimita 831, yaani ongezeko la asilimia 7.

Ongezeko hilo hubadili usomaji wa spidomita. Iwapo spidomita ilikuwa sahihi hapo awali, mwenye tairi za 285/70R17 atakapoona 80, gari litakuwa linakwenda karibu kilomita 86 kwa saa. Atakapodhani yuko kwenye 50, amekwisha kuvuka kikomo cha kibao.

Nini hasa huinuka?

Watu wengi huamini kwamba springi ndefu huinua gari lote. Sivyo. Springi huinua bodi na chasisi. Difu ya nyuma hubaki pale pale, kwa kuwa imebebwa na magurudumu. Kinachoiinua difu ni tairi peke yake, tena kwa nusu ya ongezeko la kipenyo. Katika mfano wetu, tofauti ya milimita 55 huinua difu kwa milimita 27 tu. Kwa hiyo, ikiwa shida yako ni difu kugusa tuta lililo kati ya njia za magurudumu, springi mpya hazitakusaidia.

Aidha, kuinua gari hakuongezi uzito unaoruhusiwa kubebwa. Kikomo cha mtengenezaji hubaki kilekile, hata springi zikiwa ngumu kiasi gani.

Gharama zisizosemwa dukani

Gari lililoinuliwa huwa na kitovu cha uzito kilicho juu zaidi, na hupinduka kwa urahisi zaidi dereva anapokata kona ghafla au kumkwepa ng'ombe barabarani. Tairi kubwa ni nzito: breki hufanya kazi zaidi, mafuta hutumika zaidi, na gari huwa zito kuondoka likiwa na shehena. Mbele, jointi za eksili hufanya kazi kwa pembe kali zaidi, na mipira inayozifunika huweza kuchanika mapema.

Anza na njia nafuu

Kwenye mchanga, kupunguza upepo wa tairi hadi takriban 20 psi na kwenda polepole mara nyingi hutosha. Kumbuka kuujaza tena kabla ya kurudi kwenye lami. Kwenye matope ya mbuga, mitaro ya tairi ina umuhimu kuliko ukubwa wake. Tairi za barabarani hujaa udongo na kuteleza, hata zikiwa pana. Huenda tairi za matumizi mchanganyiko za vipimo vilevile vya awali zikakutosha.

Ukiamua kuendelea

1. Linganisha namba ya uwezo wa kubeba. Alama 112S humaanisha kilo 1,120 kwa tairi moja na mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. Usikubali tairi yenye uwezo chini ya ule uliowekwa na mtengenezaji.
2. Soma tarehe ya kutengenezwa. Tarakimu 1824 mwishoni mwa mfululizo wa DOT ni wiki ya 18 ya mwaka 2024.
3. Nunua tairi tano. Tairi ya akiba yenye kipenyo tofauti huweza kuharibu difu, hasa ukitumia magurudumu manne. Hakikisha pia kwamba inaingia mahali pake chini ya bodi.
4. Baada ya kufunga, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo. Tairi isiguse madigadi wala mpira wa breki.
5. Pima upya mwelekeo wa magurudumu, na urekebishe taa za mbele zisiwapofushe wengine.

Haki na wajibu wako

Dai risiti ya EFD yenye maelezo ya bidhaa na kazi iliyofanyika, pamoja na dhamana ya maandishi. Bidhaa unayoshuku kuwa haina ubora, toa taarifa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Ukishuku kuwa ni bandia, au ukipewa maelezo ya kupotosha, wasiliana na Tume ya Ushindani (FCC).

Mjulishe mtoa bima kwa maandishi kabla ya kazi kuanza. Mkataba wa bima husimama juu ya taarifa za kweli, na badiliko lililofichwa laweza kuleta mgogoro siku ya kudai fidia. Uliza pia TRA iwapo taarifa za kadi ya gari zinahitaji kubadilishwa.

Maswali ya kujipima

1. Gari langu hukwama wapi, na mara ngapi kwa mwaka?
2. Kinachogusa chini ni bodi au difu?
3. Je, nimejaribu tairi zenye mitaro inayofaa na upepo sahihi?
4. Nani atawajibika kazi ikiharibika, na nina maandishi gani mkononi?

Asiye na majibu ya maswali haya asilipe bado.