Dawa na krimu za bei nusu: Utajuaje kuwa ni halisi?

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alifika kwangu mjini Kitale akiwa amevaa malapa. Alikuwa ameondoka Bungoma alfajiri, na viatu vilikuwa vimekataa kuingia kwa jinsi miguu yake ilivyovimba. Uso pia ulikuwa umefura, hasa chini ya macho. Alikuwa na hofu kwamba ni moyo, kwa sababu mama yake mzazi alifariki kwa maradhi ya moyo.

Moyo wake ulikuwa mzima. Presha ilikuwa ya kawaida. Lakini kile kijikaratasi tunachochovya kwenye mkojo kiligeuka rangi ya kijani iliyokolea, ishara kwamba protini nyingi ilikuwa ikivuja kupitia kwenye figo. Nilimuuliza anatumia dawa gani. Akasema hatumii yoyote. Za miti shamba? Hapana. Ndipo nikatazama mikono yake. Uso ulikuwa mweupe kuliko shingo, na viungo vya vidole vilikuwa vimebaki vyeusi.

"Na usoni unapaka nini, mwalimu?"

"Ni krimu tu, daktari. Tena si hizi za vichochoroni, ni ya kampuni kubwa."

Akatoa kopo mkobani. Jina la kampuni hiyo silitaji hapa kwa kuwa haina hatia yoyote: kopo halikuwa lake. Madukani krimu yenyewe huuzwa kwa zaidi ya shilingi 2,000. Yeye aliipata kwa shilingi 900 kutoka kwa muuzaji aliyemwona kwenye Facebook, akalipa kwa M-Pesa, na mzigo ukaletwa na matatu hadi stendi ya Bungoma. Aliitumia kwa miezi mitano. Mkojo wake tuliupeleka kupimwa katika maabara jijini Nairobi, na majibu yakaonyesha zebaki kwa kiwango cha juu.

Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake. Ndiyo sababu uso hung'aa katika majuma ya kwanza, na mwenye kuipaka hufurahi na kuongeza. Lakini haibaki usoni. Hupenya ngozi, ikaingia kwenye damu na kujikusanya kwenye figo. Mvuke wake huweza pia kuwafikia watu wengine nyumbani, hasa watoto wadogo wanaolala na mama yao na kushika mashavu yake.

Jambo hili si geni nchini. Mwaka wa 1972 jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti juu ya wagonjwa 60 waliokuwa na maradhi haya ya figo katika Hospitali Kuu ya Kenyatta. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Mnamo 1998 krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zilipigwa marufuku Kenya. Zamani ulizijua kwa majina yake, na ungeweza kumwonya jirani. Siku hizi sumu ile ile huweza kutiwa katika kopo lenye jina la kampuni inayoheshimika, na muuzaji humwoni kamwe.

KOPO HALISEMI UKWELI WOTE

Wasomaji wengi huniuliza watazame nini kwenye boksi. Wanatarajia niwaambie watafute herufi zilizokosewa, rangi iliyofifia au kibandiko kisichong'aa. Ni kweli, ukiona jina limekosewa hata kwa herufi moja, usinunue. Lakini mashine za kuchapisha zimekuwa nzuri na za bei ya chini, hivi kwamba boksi ghushi linaweza kupendeza kuliko halisi. Picha katika tangazo nayo haithibitishi lolote. Muuzaji anaweza kupiga picha ya bidhaa halisi na kukutumia nyingine. Sifa zinazoandikwa chini ya tangazo hununuliwa vilevile.

Kuna alama chache ambazo mimi huziamini. Linganisha namba ya toleo na tarehe ya kwisha iliyo kwenye boksi na ile iliyo kwenye chupa au kopo lililomo ndani. Zikitofautiana, acha. Soma kama kuna anwani ya mtengenezaji, si jina la nchi peke yake. Kwa krimu, tazama orodha ya viungo. Isiyo na orodha kabisa haifai kupakwa mwilini. Na ukikuta maagizo yanayokuonya usiguse dhahabu, fedha au vyombo vya aluminiamu baada ya kupaka, jua kuna uwezekano mkubwa wa zebaki, kwa sababu zebaki huharibu madini hayo. Kopo la mwalimu lilikuwa na onyo hilo kwa maandishi madogo sana. Alikuwa amelisoma akadhani ni la kulinda pete yake ya ndoa.

Bidhaa zilizotengenezwa nchini na kuidhinishwa huwa na alama ya ubora ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), na chini yake namba ya kibali. Andika SM# ikifuatiwa na namba hiyo, kisha utume kwa 20023. Jibu likitaja bidhaa au kampuni tofauti na uliyoshika mkononi, alama hiyo imeibwa.

MUULIZE KWA NINI NI RAHISI

Mimi sidhani kila bei ya chini ni ya ulaghai. Duka laweza kupunguza bei kwa sababu bidhaa inakaribia kwisha muda, au kampuni imebadilisha boksi, au mwenye duka anafunga. Hizo ni sababu za haki, na mfanyabiashara mwaminifu hazifichi. Kwa hiyo kabla ya kutuma hata shilingi, muulize muuzaji mambo matatu: kwa nini bei imeshuka, bidhaa ameipata kwa nani, na kama anaweza kukutumia picha ya tarehe ya kwisha na namba ya toleo ya ile ile atakayokuletea. Mwaminifu hujibu kwa dakika mbili. Tapeli hukuharakisha: "Zimebaki tatu tu, mama, lipa sasa nikuwekee."

Uliza pia duka lake liko wapi. Si mtaa tu, bali jengo gani. Walio Kitale au Bungoma mara nyingi huambiwa duka liko Nairobi, na wa Nairobi huambiwa liko Eldoret! Ukiweza, lipa baada ya kuona mzigo na kuufungua mbele ya aliyeuleta. Akikataa usifungue kabla ya kulipa, mrudishe nao. Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012 inamtaka anayeuza kwa intaneti amweleze mnunuzi habari muhimu kabla ya mapatano. Lakini sheria hiyo itamshika nani, ikiwa unachojua ni namba ya simu ambayo kesho imezimwa?

DAWA NI JAMBO JINGINE

Kwa krimu na manukato naweza kubishana nawe. Kwa dawa sina mjadala: usinunue kwa mtu usiyeweza kuona leseni yake. Duka la dawa linapaswa kusajiliwa na Bodi ya Kusimamia Dawa na Sumu (PPB) na kuonyesha leseni yake ukutani. Kuna maduka yaliyosajiliwa yanayopokea maagizo kwa simu na kukuletea nyumbani, na hayo si mabaya. Tafuta jina la duka katika orodha ya bodi hiyo kwenye intaneti, au umuulize mfamasia wa hospitali ya kaunti.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka wa 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa moja kati ya kumi ni ghushi au haijafikia ubora. Na wenye kughushi hufuata soko. Sindano ya semaglutidi, inayojulikana zaidi kwa jina Ozempic, ni ya kutibu kisukari, lakini ilipovuma kwamba inapunguza unene, za bandia zikazuka. Shirika hilo lilitoa onyo mnamo Juni 2024 baada ya sindano bandia kupatikana Brazil, Uingereza na Marekani. Ikiwa zilipenya huko, sioni kwa nini zisifike Kanduyi.

Tena kuna hatari ambayo watu hawaifikirii. Insulini yaweza kuwa halisi kabisa, imetoka kwa mtengenezaji, na bado ikawa haifai. Inatakiwa kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 kabla ya kuanza kutumiwa, na isigande. Sasa fikiria imefungwa kwa karatasi ya nailoni, ikawekwa kwenye buti la matatu kutoka Nairobi, ikashinda ofisi ya mizigo hadi jioni. Ukiitazama huwezi kujua. Utajua sukari itakapokataa kushuka.

Nisijifanye mjanja. Mwaka mmoja, wakati wa ofa za Novemba, nilijinunulia mtandaoni mashine ya kupima presha yenye jina linalojulikana, kwa nusu ya bei. Boksi lilikuwa safi. Niliitumia kwa juma zima, nikifurahi jinsi wagonjwa wangu walivyokuwa wakiendelea vizuri. Kisha akaja mzee mmoja wa Kiminini ambaye presha yake ilikuwa imenisumbua muda mrefu. Mashine ikasoma 126 kwa 80. Nilikuwa nimeshika kalamu nimpunguzie dawa, lakini kichwa kilimuuma na macho yalikuwa na ukungu, nikaingiwa na shaka. Nikachukua mashine ya zamani ya kujaza upepo kwa mkono: 178 kwa 104. Ile mpya nilijaribu kuirudisha. Muuzaji hakupokea simu. Basi ukinunua mashine ya kupimia nyumbani, iwe ya presha au ya sukari, hata kama umeinunua duka kubwa, ibebe siku yako ya kliniki. Mwombe nesi akupime kwa ya hospitali, kisha kwa yako, mkono ule ule. Hilo humaliza ubishi kuliko kibandiko chochote.

IKIWA TAYARI UMEITUMIA

Acha kuipaka au kuimeza, lakini usitupe. Ikiwa ni dawa ambayo daktari alikuandikia, kama ya presha, kisukari au kifafa, usikae bila dawa; nenda siku hiyo hiyo upewe ya kuaminika. Krimu inayoshukiwa kuwa na zebaki isichomwe moto, maana moshi wake una sumu, wala isitupwe chooni. Funga kopo vizuri, litie ndani ya mfuko, ulipeleke pamoja na boksi lake kwa mfamasia wa hospitali ya kaunti na umwombe aripoti kwa wanaohusika. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa na mazungumzo yenu na muuzaji. Mwambie daktari kila ulichotumia hata ukiona haya. Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, sema mapema.

Mwalimu wetu alileta kopo pamoja na mengine mawili ya wenzake wa shuleni, walionunua kwa muuzaji yule yule. Wote wawili niliwapima mkojo. Wa mmoja ulikuwa safi, wa mwingine ulikuwa na protini ingawa hakuwa amevimba mahali popote. Mwalimu mwenyewe aliacha krimu, akapata matibabu, na mwezi wa nne alikuja kliniki akiwa amevaa viatu. Protini ilikuwa imepungua sana lakini haijaisha, kwa hiyo anaendelea kuja kila baada ya majuma sita.