Kuzoa, Kuua au Kufunika? Usafi wa Visiwa Vilivyoachwa na Majeshi

Kila mwaka ukurasa huu wa masomo hujaa ngeli, methali na ushairi, nami sina ugomvi na hayo. Safari hii nimeomba nafasi nizungumzie neno moja tu ambalo sote hulisikia kila Ijumaa jioni: kusafisha. Tukiambiwa tusafishe darasa, tunajua kazi ni ufagio, maji na kitambaa, na tukimaliza kiranja huja kukagua. Je, jeshi likiondoka mahali likaacha mabomu, mapipa ya mafuta au sumu ardhini, nani hufagia? Na nani hukagua?

Huenda mtu akasema, haya ya majeshi yanatuhusu nini sisi wa Minjila? Sisi tuko njia panda tu, magari ya Malindi, Garissa na Lamu yanapita, basi. Hebu tufikiri kidogo. Wengi wetu hapa ni watoto wa wafugaji na wakulima wa bonde la Mto Tana. Mtoto anayechunga ndiye wa kwanza kukutana na kitu kigeni kichakani, kabla ya chifu, kabla ya polisi. Na siku hizi chuma ni pesa. Mnunuzi wa vyuma kuukuu akipita na mizani yake, hata sufuria iliyotoboka ina bei. Kwa hiyo mtoto akiona chuma kinang'aa mchangani, hawazi hatari, anawaza kilo.

Haya si maneno ya kutishana. Yametokea humu humu nchini. Huko Archer's Post katika Samburu, na Dol Dol katika Laikipia, wanajeshi wa Uingereza wamekuwa wakifanya mazoezi tangu enzi za ukoloni, na jeshi letu la Kenya nalo limefanya mazoezi huko. Uwanja wenyewe ni malisho. Mchana leo ni risasi na makombora, kesho ni mbuzi na ng'ombe. Wafugaji wa Kisamburu na Kimaasai waliojeruhiwa na jamaa za waliouawa na mabaki hayo waliidai Uingereza, na mwezi wa Julai 2002 Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa watu 228. Ilikubali sehemu tu ya lawama, ikisema si kila kilichookotwa pale kilikuwa chake. Fidia ilitoka, lakini ardhi haikulipwa. Mwaka 2015, miaka 13 baadaye, mvulana mchungaji wa Samburu alipoteza mikono yake yote miwili.

Kwa nini kitu cha zamani kiendelee kuua? Wengi hudhani bomu likishika kutu limekufa, kama panga lililosahauliwa shambani. Sivyo kabisa. Kombora lina fyuzi, yaani kiwashio ambacho hutakiwa kuwasha baruti likigonga chini. Pengine ardhi ni laini, au fyuzi ina kasoro, basi kombora linazama likiwa zima. Kutu hula ganda, na huweza kula pia vile vipande vinavyoishikilia fyuzi isifyatuke, ilhali baruti ndani imekaa na nguvu zake miaka na miaka. Kwa hiyo kuukuu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu haitabiriki. Ganda likitoboka, kemikali za baruti nazo huanza kuingia udongoni na majini. Halafu mvua. Sisi tulioona mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yakibeba miti mizima tunajua maji hayaachi kitu mahali kilipozikwa.

Sasa twende visiwani, maana huko ndiko majeshi ya dunia yamependa sana kuchafua. Sababu iko wazi. Kisiwa cha mbali hakina majirani wa kulalamika, bahari ni ukuta wa bure, na waandishi wa habari hawafiki. Nimesoma habari za visiwa kadhaa na nikagundua kwamba neno "kusafisha" limetumiwa kwa kazi tatu tofauti kabisa. Kiswahili chetu kina maneno matatu ya kuzitenganisha: kuzoa, kuua, na kufunika.

Kuzoa kulifanyika Kahoolawe, kisiwa kimoja cha Hawaii katika Bahari ya Pasifiki. Baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor mwezi wa Desemba 1941, jeshi la Marekani lilikichukua kisiwa hicho na kukifanya shabaha. Meli zilikipiga, ndege zikakipiga. Mwaka 1965 walirundika pale tani 500 za baruti wakazilipua mara moja ili kuona meli zitastahimilije, na shimo lake lipo hadi leo. Kwa wenyeji wa Hawaii kisiwa hicho ni kitakatifu. Mwezi wa Januari 1976 kikundi kidogo cha watu kilivuka kwa mashua na kutua pale bila ruhusa, na wengine wakaendelea kuvuka. Machi 1977 wanaume wawili katika harakati hizo walipotelea baharini, hawakuonekana tena. Waliobaki walikwenda mahakamani, wakaimba, wakaandamana, wakavuka tena. Mabomu yalikoma mwaka 1990 kwa amri ya Rais George H. W. Bush.

Bunge la Marekani liliidhinisha dola milioni 400 na muda wa miaka 10, kuanzia 1993 hadi 2003. Lengo lilikuwa kusafisha uso wa kisiwa chote, na sehemu ya tatu kuichimba chini zaidi. Jinsi ilivyofanywa ni kama kupalilia shamba la mahindi kwa kijiko. Eneo linagawanywa vipande vya mraba. Watu wanatembea kwa mstari wakiwa na vyombo vinavyolia vikikaribia chuma. Kila kinapolia, mtu anapiga magoti na kufukua polepole, maana hajui kama ni kopo la soda au kombora. Likiwa bomu na haliwezi kubebwa, linalipuliwa palepale lilipo.

Kumbe pesa zote hizo na miaka yote hiyo haikutosha! Muda ulipokwisha, karibu robo tatu ya uso wa kisiwa ilikuwa imezolewa. Sehemu iliyosafishwa mpaka kina cha futi 4 ilikuwa kama moja ya kumi tu. Robo moja haikuguswa. Hata hivyo kisiwa kilirudishwa mikononi mwa jimbo la Hawaii Novemba 2003, na hadi sasa mtu hawezi kujiendea tu kutembea kule. Anahitaji ruhusa na mtu wa kumwongoza, na siku hizi wanaojitolea wanapanda mimea ya asili kwenye udongo uliobaki wazi. Sisemi kazi ilikuwa bure. Nasema tu kwamba hii ndiyo nchi tajiri, na kisiwa chenyewe kina ukubwa wa kilomita za mraba 116 hivi. Watu wa Samburu wangeomba nini?

Kuua ni habari nyingine. Mtoto wa mfugaji ataielewa mara moja, kwa sababu inahusu kimeta. Tunaujua ugonjwa huu. Daktari wa mifugo hukataza mnyama aliyekufa kwa kimeta asipasuliwe, kwani vijidudu vyake hujigeuza mbegu ngumu zinazolala udongoni miongo mingi. Basi mwaka 1942, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Waingereza walitaka kujua kama kimeta kinaweza kuwa silaha. Walipeleka kondoo katika kisiwa kidogo cha Gruinard, huko Scotland, wakawafunga, wakalipua mabomu yenye mbegu za kimeta karibu nao. Kondoo walikufa baada ya siku chache. Jaribio lilifaulu, na kisiwa kikafungwa kwa karibu miaka 50, na mabao ya kuonya watu yakasimamishwa ufukoni.

Mwaka 1981 kikundi cha watu wasiojulikana kilitangaza kwamba kimechukua udongo wa kisiwa hicho na kwamba kitauacha katika sehemu mbalimbali za nchi hadi serikali isafishe. Mimi siungi mkono njia hiyo hata kidogo, kwani udongo wenye kimeta si kitu cha kuchezea. Lakini haikupita miaka mingi kabla ya kazi kuanza. Mwaka 1986 kisiwa kizima kilinyunyizwa tani 280 za fomalini iliyochanganywa na maji ya bahari, ile ile inayohifadhi vyura katika maabara yetu, na udongo wa mahali pabaya zaidi ukaondolewa. Kisha wakafanya jambo ambalo babu yeyote wa hapa angewashauri bila kulipwa: wakaleta kondoo wale majani, wakangoja. Kondoo walinenepa. Aprili 1990 naibu waziri wa ulinzi alikwenda kung'oa bao la onyo, na warithi wa mwenye kisiwa wakakinunua tena kwa pauni 500, bei ile ile ya zamani. Kati ya visiwa vyote nilivyosoma, hiki ndicho ambacho neno "safi" linakifaa.

Ya tatu ni kufunika, na hii ndiyo iliyonikosesha usingizi. Katika visiwa vya Marshall, Pasifiki, kuna mlolongo wa visiwa uitwao Enewetak. Marekani ililipua pale mabomu ya nyuklia 43 kati ya 1948 na 1958, baada ya kuwahamisha wenyeji. Miaka ya 1977 hadi 1980 ilirudi kusafisha. Wanajeshi wapatao 4,000, wengi vijana, walikwangua udongo wenye sumu ya miale na kuutupa ndani ya kasoko, yaani shimo kubwa lililoachwa na bomu moja la 1958, katika kisiwa cha Runit. Mita za ujazo zaidi ya 70,000. Juu yake wakajenga kuba ya saruji yenye upana wa mita 115 na unene wa nusu mita hivi. Ukiiona kwenye picha utadhani sufuria kubwa imefudikizwa ufukoni.

Na chini je? Chini hakuna saruji. Shimo halikutandikwa kitu, na maji ya bahari hupanda na kushuka ndani yake kama yanavyofanya kwenye mchanga wowote. Baadhi ya sumu iliyomo ni plutoniamu, ambayo huchukua miaka 24,000 hivi kupungua nusu. Ripoti ya Wizara ya Nishati ya Marekani ya mwaka 2020 ilisema kuba haiko katika hatari ya kuporomoka karibuni, na kwamba sumu iliyotapakaa nje, chini ya maji ya wangwa, ni nyingi kuliko iliyofunikwa. Eti hiyo ni habari njema! Yaani usiogope kilicho ndani ya sufuria, kwa kuwa kingi kilimwagika kabla. Wale vijana waliofanya kazi bila mavazi ya kuwakinga walingoja mpaka mwaka 2022 ndipo sheria ya nchi yao ikakubali kwamba magonjwa yao huenda yalitokana na kazi ile.

Kuna visiwa vingine. Katika Franz Josef Land, kaskazini kabisa kwenye barafu, wanajeshi wa Sovieti waliacha mapipa ya mafuta yasiyohesabika, na Urusi ilianza kuyazoa miaka ya 2010. Karibu nasi zaidi, katika Bahari Hindi, Waingereza walitaka kujenga kituo cha ndege za kivita Aldabra, kisiwa cha kobe wakubwa wa Ushelisheli. Wanasayansi walipiga kelele, na mpango ukaachwa mwaka 1967. Aldabra haihitaji kusafishwa mabomu. Hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote tatu, na sijui kwa nini haina jina lake.

Turudi nyumbani. Ugumu wa Archer's Post ni kwamba si mahali palipoachwa. Mazoezi yanaendelea, na kuzoa huku mabomu mapya yanaanguka ni kama kufagia chini ya mwembe wakati wa upepo. Sheria nayo ina tundu. Mwaka 2003 mataifa yalikubaliana juu ya itifaki kuhusu mabaki ya vita yanayolipuka, ikaanza kutumika 2006, nayo inataka mabaki yasafishwe baada ya mapigano. Lakini mazoezi si vita, hivyo aliyekatwa mguu na kombora la mazoezi hayumo. La ajabu ni kwamba utaalamu tunao. Huko Embakasi, Nairobi, kulianzishwa mwaka 2005 kituo cha kufundisha watu kutegua mabomu, kwa ushirikiano wa Kenya na Uingereza, nchi zile zile mbili.

Kwa upande wetu, ukikuta chuma usichokielewa, kiwe na kutu au kinang'aa, usikiguse, usikirushie jiwe, usikipeleke kwenye mizani. Rudi kwa njia ile ile uliyokwenda nayo. Weka alama kwa mbali, tawi au kitambaa, kisha mwambie mtu mzima apeleke habari kwa chifu au polisi. Mwambie na mdogo wako anayechunga, maana yeye jarida hili halimfikii.

Zoezi langu ni moja. Jiweke mahali pa mkaguzi aliyepewa kalamu Kahoolawe mwaka 2003: robo tatu imezolewa, pesa zimekwisha, wenyeji wanataka kisiwa chao. Je, ungetia saini? Andika aya mbili na umpe katibu wa chama kabla ya mjadala wa Alhamisi. Mimi mwenyewe nimeandika jibu mara mbili, na yale majibu mawili hayafanani.