Kabla Hujaweka PIN, Piga Hesabu ya Lita

Uko dukani, mafuta ya kupika nyumbani yamebaki tone. Mwenye duka anakuuliza, "Nikupimie ya 90 ama uchukue lita nzima?" Ukijua kubadilisha mililita (ml) kuwa lita, jibu utakuwa nalo kabla hujatoa simu kulipa.

Kanuni ni moja tu: lita 1 = ml 1,000

- Kutoka lita kwenda ml, zidisha kwa 1,000. Lita 1.5 ni ml 1,500.
- Kutoka ml kwenda lita, gawanya kwa 1,000. Ml 250 ni lita 0.25, yaani robo.

Mfano wa 1: Wewe ni mnunuzi

Tuseme bei za dukani kwenu ni hizi:

- Ml 250 kwa sh 90. Robo nne ndizo lita, kwa hivyo lita ni sh 360.
- Ml 500 kwa sh 170. Lita ni sh 340.
- Lita 1 kwa sh 320.

Mafuta ni yale yale, lakini anayepimiwa robo robo analipa sh 40 zaidi kwa kila lita. Kama nyumba inamaliza lita moja kwa wiki, hiyo ni sh 2,080 kwa mwaka! Kuna siku mfuko hauna zaidi ya mia, hiyo tunaelewa. Lakini ukiweza kuweka kidogo kidogo hadi ifike 320, utaona tofauti.

Mfano wa 2: Wewe ndiye mwenye duka

Umenunua mtungi wa lita 20 kwa sh 6,000. Lita 20 ni ml 20,000. Gawanya kwa 250, unapata vipimo 80. Ukiuza kila kimoja sh 90, unapata sh 7,200. Faida ni sh 1,200.

Sasa angalia kikombe chako vizuri. Kama kinabeba ml 300 badala ya 250, kila kipimo kimekugharimu sh 90, bei ile ile unayouzia. Umeuza mtungi mzima na faida ni sufuri.

Jaribu mwenyewe

Una maziwa lita 10. Utajaza chupa ngapi za ml 500?

Jibu: 10,000 ÷ 500 = chupa 20.

Umepata? Basi leo ukifika dukani, fungua kikokotoo cha simu kwanza, halafu ndio uweke PIN.