Mbwa Njiani: Je, Huleta Mazungumzo au Huyafukuza?

Kata ya Kasanda imo katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kibondo. Tangu mwaka 2012 imo katika Wilaya ya Kakonko. Njia zake hupitwa na wakulima, wachungaji, wanafunzi, wachuuzi waendao sokoni, na pia wageni watokao Burundi, ambao Kirundi chao hukaribiana sana na Kiha. Wapitao hukutana na watu wasiowajua, na baadhi yao hufuatana na mbwa. Makala hii inaeleza jinsi mbwa anavyoweza kubadili mazungumzo ya watu wasiojuana, na jinsi wanafunzi wanavyoweza kulipima jambo hilo.

Majaribio ya Ng'ambo

Katika miji mingi ya Ulaya watu wasiojuana hupishana kimya. Mwaka 2000 June McNicholas na Glyn Collis wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya jambo hili. Mtu mmoja alipita mahali palepale, mara akiwa na mbwa na mara akiwa peke yake. Alipokuwa na mbwa, wageni waliozungumza naye waliongezeka sana. Hali hiyo ilionekana alipovaa nguo nadhifu na hata alipovaa nguo chakavu.

Mwaka 2004 Deborah Wells wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, alieleza jaribio lililohusu wapita njia 1,800. Mwanamke mmoja alionekana akiwa peke yake, au akiwa na mtoto wa mbwa aina ya Labrador, Labrador mkubwa, Rottweiler, mwanasesere wa dubu, au mmea. Mbwa aina ya Labrador walileta tabasamu na mazungumzo. Rottweiler, ambaye hudhaniwa kuwa mkali, alifanya watu wengi wapite bila kusema neno. Mwanasesere na mmea vilitazamwa sana, lakini havikuleta mazungumzo mengi.

Hapa pana mafunzo mawili. Kwanza, mbwa huwapa wageni jambo la kuzungumzia ambalo halimwudhi yeyote: umri wake, jina lake, tabia yake. Pili, kinachotenda kazi si mbwa tu, bali ni yale ambayo mpita njia anayadhani juu ya mbwa huyo.

Hali ya Kasanda

Matokeo ya Belfast hayawezi kuhamishiwa Kasanda yalivyo. Katika vijiji vya Waha salamu ni wajibu. Asiyesalimia huonekana hana adabu. Kwa hiyo mazungumzo huanza hata pasipo mbwa. Tena, mbwa wa kijijini ni mlinzi wa nyumba, msaidizi wa mchungaji au mwenzi wa mwindaji, wala kwa kawaida hatembezwi kwa kamba. Mgeni akimwona anakuja mbele ya mwenyewe, huenda akasimama mbali, akaokota fimbo, na kuikatisha salamu.

Hofu hiyo ina sababu. Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vilivyomo katika mate ya mnyama mgonjwa. Virusi hivyo huingia kwa jeraha la meno, kisha husafiri kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Dalili huonekana mara nyingi baada ya miezi miwili au mitatu, na zikishatokea mgonjwa karibu daima hufa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba watu wapatao 1,500 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka katika Tanzania.

Hata hivyo kifo hiki chaweza kuzuiwa. Aliyeumwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali bila kukawia ili apate chanjo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa. Aidha, asilimia 70 ya mbwa wa mahali wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mbwa aliyechanjwa na kuzuiwa na mwenyewe humlinda mgeni, na humpa nafasi ya kukaribia na kuzungumza.

Jaribio la Wanafunzi

Chagueni mtu mzima mmoja na mbwa wake mpole, aliyechanjwa na kufungwa kamba. Mtu huyo apite njia ileile, saa ileile, kwa mavazi yaleyale, siku kumi akiwa na mbwa na siku kumi bila mbwa. Mwanafunzi anayefuata kwa mbali aandike kila mgeni katika fungu moja: aliyepita kimya, aliyesalimu tu, au aliyesalimu na kuzungumza. Majina yasiandikwe. Kisha tafuteni asilimia ya kila fungu na kulinganisha.

Maswali

1. Kwa nini njia, saa na mavazi visibadilishwe?
2. Je, tofauti itaonekana zaidi katika salamu au katika mazungumzo yanayofuata salamu? Toeni sababu kabla ya kuanza jaribio.
3. Wapita njia wakijua kwamba mbwa amechanjwa, matokeo yatabadilika? Buni njia ya kulipima jambo hilo.
4. Mtoto ameumwa na mbwa asiyejulikana akienda shule. Eleza kwa utaratibu mambo ya kufanya.